Usimng'oe mwanao jino pacha kabla ya picha ya eksirei (nimeshalipia mie somo hili)

USING'OE! Dada, kama ushapewa miadi ya Jumamosi, usende. Salamu nitakupa baadaye.

Umesema mwanao ana miaka 5, meno mawili ya chini upande wa kulia yameshikana yakawa jino moja pana lenye mfereji katikati, na hapo Wete kuna mtu kakwambia ling'olewe kabla hajaanza skuli, ati "lipishe meno ya ukubwani". Niliposoma hapo nilihisi kama nimemwagiwa pilipili ya urojo machoni. Maneno hayo hayo niliambiwa mie miaka 8 iliyopita, nikayaamini. Binti yangu sasa ana miaka 13 na bado nalipa.

Wa kwangu lilikuwa jino la pili kutoka katikati, limeungana na chonge. Halikumuuma hata siku moja, wala halikuwa na tundu. Mahindi ya kuchoma akiyatafuna kwa upande huo huo. Waliokuwa na tatizo ni sisi wakubwa. Kila harusi mashangazi wanamshika kidevu, "hebu cheka tuone", na mie baba mtu naona haya, kama kwamba jino lile nimelichonga mimi.

Basi nikampeleka kwa bwana mmoja mwenye koti jeupe. Simtaji, na msinifuate faraghani kuniuliza. Akamtia mtoto kidole mdomoni, hata taa hakuwasha, akasema hili ni jino la ziada, litawazuia wenziwe. Nikauliza, hatupigi picha kwanza? Akacheka! Akanambia mionzi haifai kwa watoto, na jino la utoto halina thamani, litaanguka tu. Tangu lini mtu aliyesomea meno akasema jino halina thamani? Picha ndogo ya jino moja ina mionzi kidogo mno. Nadhani mashine hakuwa nayo, ndio siri yote. Mtu asiye na mizani atakwambia samaki hapimwi.

Ganzi, koleo, shilingi 15,000. Jino lilikataa kutoka, mtoto akapiga kelele mpaka watu wa nje wakachungulia. Mwisho likatoka, nikafungiwa kwenye karatasi kama njugu za senti hamsini. Nikamnunulia mtoto aiskrimu, nikarudi nyumbani najiona baba wa mfano.

Alipofika miaka 8, upande wa kushoto jino la pili la ukubwani likatoka zuri kabisa. Kulia, ufizi mtupu. Nikasema tusubiri, watoto hawalingani. Akafika kenda, bado. Halafu mama yake ndiye aliyeona jambo la pili: meno ya mbele ya chini yalikuwa yanahama. Yaani ule mstari wa katikati wa meno ya juu haukukutana tena na wa chini, wa chini umekimbilia kulia, kwenye lile pengo nililolinunua kwa elfu kumi na tano. Nilimwambia mke wangu ni macho yake tu. Hilo nalo ananikumbusha mpaka leo, hasa tukiwa na wageni.

Tukapanda boti mpaka Unguja, tukampata daktari mmoja mama mtaratibu. Yeye alianza kwa kuhesabu. Kisha akampiga picha ile kubwa ya taya zote mbili, akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Chonge ya ukubwani ilikuwamo, imelala inasubiri. Jino la pili halimo. Halijachelewa wala halijakwama, halikuumbwa kabisa. Akanieleza kwamba meno mawili ya utoto yanapoungana, si ajabu kukuta chini yake kumekosekana jino moja la ukubwani, ndiyo maana picha huja kabla ya koleo. Lile jino pana nililoliona aibu ndilo lililokuwa limeshika nafasi ya mawili. Lingeachwa, lingezuia wenziwe wasihame mpaka tujue la kufanya. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sasa mtoto ana waya za kurudisha meno mahali pake na kushikilia pengo. Jino la kupandikiza hawezi kuwekewa mpaka taya zimalize kukua, kwa hiyo huko ni ukubwani, mpaka hapo ni la bandia la kuvua na kuvaa. Wazee wetu jino likiuma huweka karafuu moja. Mie nimeshatia mdomoni mwa huyu mtoto pesa za karafuu za misimu miwili, magunia kwa magunia, na bado halijapona.

Kwa hiyo kwako. Mkalishe mwanao mlangoni penye mwanga, umhesabie meno ya chini. Ya utoto chini ni 10. Lile pana lihesabu kama moja. Ukipata 9, maana yake mawili yameungana, na hapo ndipo penye hatari ya kukosekana la ukubwani. Ukipata 10, huenda ni jino moja lililotaka kugawika likashindwa. Nasema huenda, kwa sababu mara nyingine jino la kawaida huungana na la ziada kweli, na hesabu ikadanganya. Ndio nikarudi pale pale, PICHA. Yeyote atakayekwambia haina haja, mshukuru, chukua mtoto wako, toka.

Na usinielewe vibaya nikawa kama yule bwana kwa upande wa pili. Siku ya kung'oa inaweza kuja. Jino pana kama hili mzizi wake wakati mwingine hauyeyuki kwa wakati, la ukubwani likawa linagonga mlango halifunguliwi. Hapo daktari ataling'oa, na ana haki, kwa sababu ameona nani yuko nyuma ya mlango. Mpaka wakati huo kazi yako ni ule mfereji. Chakula hukaa humo na jino hutoboka kutokea hapo, na mswaki haufiki chini yake vizuri. Mwambie daktari auzibe kwa ile dawa ya majimaji inayogandishwa kwa taa. Haina sindano, haina kilio. Wa kwangu alikuwa anaweza kufanyiwa hivyo asubuhi na mchana yuko madrasa.

Yule aliyechangia hapo juu kwamba mdogo wake ana miaka 19 na jino pacha la juu, apeleke kisu mbali! La ukubwani ndio usiseme. Kama viini vya ndani vimeungana, ukilipasua katikati unaua yote mawili. Picha kwanza, ikibidi ile inayoonesha jino pande zote, halafu waamue kulichonga umbo, au kutibu mizizi, au kuliacha.

Kuhusu skuli, mwache aende na jino lake. Wenziwe watalishangaa siku mbili, ya tatu watashangaa mwengine aliyeng'oka yote mawili ya mbele. Ulikuwa umeuliza na mambo mengine, dawa ya mswaki na nini, hayo watakujibu wenye subira. Mie nataka jambo moja tu: kesho mhesabie, uniandikie hapa hapa umepata kenda au kumi.