Umepewa kitengo cha huduma kwa jamii chuoni? Anza na mrejesho

Mkuu hongera kwa uteuzi. Umeuliza uanzie wapi maana umekabidhiwa huduma kwa jamii na mahusiano ya nje kwenye chuo cha umma, bajeti kiduchu alafu wakubwa wanataka matokeo. Mi nilikalia kiti kama hicho miaka sita.

Mwezi wa kwanza nilienda kijijini na mabango, tisheti na hotuba ndefu ya kututambulisha. Nilipomaliza mama mmoja akasimama: "Mwanangu, mwaka juzi mlichimba udongo shambani kwangu, mkatia kwenye mfuko wa nailoni mkaandika na jina langu. Mlikuta nini?" Sikuwa na jibu. Aisee niliona aibu mpaka leo naikumbuka.

Tulivyorudi tukahangaika wiki nzima, majibu tukayakuta kwenye tasnifu ya mwanafunzi, Kiingereza kitupu, huko viambatisho vya mwisho: udongo una asidi nyingi, yaani mbolea anayonunua kila msimu mahindi hayaifaidi ipasavyo, anahitaji chokaa ya kilimo kwanza. Tukaandika karatasi moja ya Kiswahili tukaenda kuisoma mkutano mkuu wa kijiji.

Kwa hiyo kabla ya mpango kazi wowote, orodhesha vijiji, shule na masoko yote ambako watu wa chuo walichukua data, alafu peleka majibu. Mkutano wa kijiji kisheria unakaa kila miezi mitatu, muombe mtendaji akuweke kwenye ajenda, usiitishe kikao chako cha posho. Watu wanashika kazi wanayoiona kwa macho. Taja SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, wengi watakwambia panya wa shirika la APOPO waliofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, hakuna atakayekutajia mpango mkakati.

Wahadhiri watakusumbua na sio kwa ubaya, wanapanda cheo kwa machapisho, sasa nani aache kuandika akakae kijijini siku nne? Pigania kazi ya jamii ihesabiwe kwenye kupandishwa vyeo, hapo usirudi nyuma hata kidogo. Hati za makubaliano utazikuta kabati zima, zisizo na mtu wa kuzifuatilia achana nazo.

Yule mama msimu uliofuata alitia chokaa nusu eka, nusu akaiacha hivyohivyo, mahindi yalipofika kiunoni akatupigia simu twende tukaangalie.