Mtoto akishikwa na homa usiku Kisumu, umpeleke wapi?

Pole, dada. Unasema uko Manyatta, mtoto wa miaka 2 hupata joto usiku na zahanati yenu hufungwa jioni. Nimepitia hayo.

Kwanza mvue nguo, umtazame kifua. Ngozi ikibonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, usingoje. Vilevile akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa, au akilegea hata haamki vizuri. Hapo nenda moja kwa moja hospitali ya Jaramogi, ile tunayoita Russia. Idara ya dharura haifungwi usiku. Wangu nilimngoja mpaka asubuhi, akafika hajitambui. Alipona, lakini sitarudia.

Kama anacheza na kunywa, mpe parasetamoli kulingana na uzito wake, maji kidogo kidogo, na apimwe malaria kukikucha. Huku kwetu ziwani usimpe dawa ya malaria kwa kubahatisha, na aspirini usimpe kabisa. (Mtoto mchanga wa chini ya miezi 3 mwenye homa hangojewi hata kidogo.)

Mchana huu ongea na mtu wa teksi unayemwamini, uhifadhi namba yake. Kitambulisho na kijitabu cha kliniki viweke karibu na mlango.