Maswali yenu: Kiini cha Dunia kimeundwa na nini hasa?

Hakuna aliyefika katikati ya Dunia. Mnajuaje kuna chuma?

Kweli, shimo la Kola kule Urusi liliishia mita 12,262, na kiini cha ndani, yaani sehemu ngumu ya katikati kabisa, kinaanzia kama kilomita 5,150 chini. Tunachosoma ni mawimbi ya matetemeko yanayopenya Dunia na kutokea upande wa pili. Kwa njia hiyo Inge Lehmann wa Denmark alikigundua kiini hicho mwaka 1936. Kasi ya mawimbi humo inakaribiana na ya chuma.

Basi si mseme ni chuma, yaishe? Kwa nini mnapima kampaundi, yaani chuma kilichounganishwa na elementi nyingine?

Inakaribiana, hailingani. Mwaka 1952 Francis Birch, mwanajiofizikia wa Marekani, alionyesha kwamba kiini ni chepesi kuliko chuma kitupu kilichobanwa kiasi hicho. Kuongeza nikeli hakusaidii, nayo ni metali nzito. Lazima mna elementi nyepesi: silikoni, salfa, oksijeni, kaboni au hidrojeni. Ndiyo maana kila moja inaunganishwa na chuma, kisha inapimwa.

Maabara inaupata wapi mgandamizo wa katikati ya Dunia?

Kwenye ncha za almasi mbili. Punje ya sampuli, nyembamba kuliko unywele, inawekwa katikati yake na kubanwa. Ncha zikiwa ndogo mno, hata nguvu ya kukaza skrubu inatosha kuleta mgandamizo wa kutisha. Almasi hupitisha mwanga, hivyo leza inaichoma sampuli ndani kwa ndani huku eksirei ikionyesha atomu zimejipangaje, na kutokana na mpangilio huo densiti (uzito kwa ujazo) inakokotolewa. Mara nyingi almasi hupasuka na kazi inaanza upya. Mwaka 2010, kwenye SPring-8, mtambo wa eksirei nchini Japani, chuma kilifikishwa mgandamizo wa gigapaskali 377 (gigapaskali moja ni kama mara elfu kumi ya mgandamizo wa hewa) na joto la kelvini 5,700 hivi. Katikati ya Dunia ni takriban gigapaskali 364! Kazi hiyo naistahi sana.

Densiti ikilingana, si jibu limepatikana?

Hapana, kwa sababu michanganyiko tofauti hutoa densiti ileile. Ni lazima kasi ya sauti nayo ilingane. Mawimbi ya mkato, yale yanayotikisa kwa upande, hupita kwenye kiini cha ndani kwa kilomita 3.6 hivi kwa sekunde, taratibu kuliko ilivyotarajiwa kwa chuma. Kabidi ya chuma, yenye atomu saba za chuma kwa tatu za kaboni, huyapunguza kasi, ndiyo maana kaboni inatajwa sana. Lakini chuma kinachokaribia kuyeyuka nacho hulegea na kuyapunguza kasi. Kwa maoni yangu, anayetaja elementi moja tu anaharakisha.

Tukijua, itatusaidia nini?

Kiini cha ndani kinapoganda, sehemu ya elementi nyepesi hubaki kwenye chuma cha majimaji kinachokizunguka, na kupanda kwake ndiko kunakokikoroga. Mkorogo huo ndio unaozalisha usumaku wa Dunia.