Gati la zamani la wavuvi Goma: usiende jioni, na kabla ya kupanga siku utazame mwezi

Ndugu yetu wa Lubumbashi ameuliza kama, katika siku zake tatu za kukaa hapa Goma, mashariki ya Kongo, inafaa atenge jioni moja kwenda kuliona lile gati la zamani la wavuvi upande wa magharibi wa mji, apige picha jua likizama, na ikiwezekana apelekwe kidogo katika Ziwa Kivu kwa mtumbwi. Nimelijua gati hilo kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, kwanza kama mnunuzi wa samaki na baadaye kama mtu anayependa tu kwenda kukaa pale, kwa hiyo atanivumilia nikijibu kwa urefu. Inafaa sana kwenda. Ila ukienda jioni utakuta mawe na zege iliyopasuka, na ukienda alfajiri katika usiku usiofaa utakuta hayo hayo pamoja na baridi. Goma iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya saa kumi na moja alfajiri kando ya ziwa si ya mtu aliyezoea joto la Katanga kukaidi bila koti.

Niseme kwanza gati lenyewe likoje, ili usije na picha ya kitu kikubwa. Ni ulimi wa mawe meusi ya volkeno yaliyofungwa kwa saruji, wenye urefu wa hatua kama arobaini hivi, na ncha yake imevunjika na kuzama majini. Kuna pete mbili za chuma za kufungia vyombo, zilizoliwa na kutu hadi kubaki nyembamba, na ngazi chache zinazoshuka majini upande wa kushoto. Mwaka 2002, volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari, mto wa moto ulipita katikati ya mji mpaka ukaingia ziwani na kubadilisha sehemu ya ufuo. Gati hili lilisalimika kwa sababu tu liko mbali kidogo na njia ya ule moto. Mawe yanayolizunguka ni makali kama vigae vya chungu, kwa hiyo vaa viatu vya kufunga na uache malapa nyumbani.

Mara yangu ya kwanza kumpeleka mgeni pale nilijiaibisha. Shemeji yangu alikuwa amekuja kutoka huko huko kwenu, nami nilikuwa nimemsifia wavuvi wa Kivu kwa wiki nzima. Tukaamka saa kumi usiku, tukashuka kwa tochi ya simu, tukakaa juu ya gati tukingoja mitumbwi. Kukapambazuka. Akina mama wakaja kuchota maji kwa bidoni, yaani madumu, mvulana mmoja akaja na mbuzi watatu, na ziwa likabaki tupu kama meza iliyofutwa. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kando ya ukuta alituangalia muda mrefu kabla ya kuniuliza, kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Papa, usiku hukuona mwezi? Mwezi iko inawaka hivi, taa ya nani itaishinda?" Shemeji alicheka hadi akakaa chini. Mimi, niliyezaliwa kando ya ziwa hili, nilikuwa sijawahi kulifikiria jambo hilo hata siku moja.

Uvuvi wa sambaza, samaki wadogo wa urefu wa kidole ambao ndio uti wa mgongo wa uvuvi wa Kivu, hufanywa usiku kwa taa. Wavuvi huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu ya mikaratusi, miti ambayo hutokeza mbele na nyuma kama papasi za mdudu, na katika miti hiyo ndimo wavu mkubwa unamotundikwa na kuteremshwa majini. Taa huwashwa juu ya maji, zamani zikiwa karabai za mafuta na siku hizi zaidi zikiwa taa za betri au za kuchajiwa kwa jua, na sambaza hupanda kuufuata mwanga hadi wanajikusanya juu ya wavu, ndipo unanyanyuliwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, samaki hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja, na mvuvi anayetoka usiku huo anachoma mafuta au anamaliza betri kwa hasara. Ndiyo maana katika siku zinazozunguka mwezi mpevu wengi wao hulala nyumbani, hushona nyavu au huziba mitumbwi inayovuja. Kwa hiyo usipange safari ya gati kwa kalenda ya ofisi. Usiku mzuri ni ule wa giza, ama mwezi ukiwa haujaandama, ama ukiwa mwembamba unaotua mapema.

Ukichagua usiku wa namna hiyo, fika kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili asubuhi, maana yanayofuata hayazidi saa moja na nusu. Kwanza utasikia kabla hujaona. Wavuvi wa Kivu hupiga kasia kwa kuimba, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, na asubuhi isiyo na upepo sauti hiyo hupita juu ya maji kutoka mbali kiasi kwamba utadhani wako nyuma ya jiwe lililo karibu. Kisha zile papasi za miti hutokeza katika ukungu, mitumbwi mitatu mitatu, na ghafla ufuo uliokuwa kimya unajaa watu ambao hukuwaona wakija. Wengi ni akina mama wenye mabeseni. Hao ndio wenye gati, usidanganyike na wanaume wanaopiga kelele. Mama mzoefu hatazami beseni, anatazama kina cha mtumbwi majini wakati bado uko mbali, na kwa hilo peke yake anajua bei ya asubuhi ile itaanzia wapi. Nimemwona mmoja akigeuka na kuondoka kabla chombo hakijafika, na nilipomuuliza akasema leo watachuuza kwa hasira, heri akanunue kwa aliyechelewa.

Mauzo hufanywa hapo hapo juu ya gati. Sambaza humiminwa wakiwa wanameta kama misumari mipya, wanapimwa kwa beseni kwa wachuuzi na kwa kopo kwa watu kama sisi, na ubishi mkubwa hauhusu bei bali jinsi kopo lilivyojazwa, kama lina kilima juu au limesawazishwa kwa kiganja. Wakati huo huo tshukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili yanayosukumwa kwa mguu, zinasubiri juu barabarani kubeba mzigo, na wapo vijana wanaojaza bidoni za maji ili wazisukume kwenda kuuza katika mitaa isiyo na bomba. Wale samaki ambao hawajapata mnunuzi hutandazwa juu ya nyavu kuukuu ili wakauke, na hapo ndipo kunguru na watoto huanza kazi yao. Kufika saa mbili, gati limerudi kuwa lile lile la jioni, ila lina harufu.

Nieleze jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui, na hata vijana wetu wengi. Sambaza si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa na watu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, ni ndugu wa wale samaki wadogo, ndakala, wanaowafikia nyinyi Lubumbashi kupitia bandari ya Kalemie. Kabla ya hapo Kivu lilikuwa ziwa lenye aina chache za samaki, na eneo lake la katikati, mbali na mawe ya pwani, halikuwa na samaki wa kuufaidi uhai mdogo unaoelea majini. Hata baada ya kuletwa, ilipita miaka mingi kabla uvuvi wa taa haujashika mizizi. Yule mzee mshona nyavu alinihakikishia kwamba gati lilikuwepo baba yake alipokuwa kijana, wakati watu walivua karibu na ufuo kwa ndoana na mitego. Kama ni hivyo, basi gati ni kongwe kuliko samaki wanaolipa uhai leo, na mimi kila nikikanyaga zile ngazi huwa nashangaa lilijengwa likingoja nini.

Sasa njia ya kufika, na hapa naomba usinisome haraka haraka. Kuna njia ya mkato inayotoka barabara kuu na kushuka katika bonde dogo la mawe ya volkeno kabla ya kufika ufuoni. Usiipite gizani. Upande huu wa Goma una mazuku, yaani ile hewa nzito ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kujikusanya katika mashimo na mabonde. Haina rangi, na mara nyingi haina harufu ya kukuonya. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hukaa chini kama maji katika bakuli, na hukusanyika zaidi usiku na alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mbuzi au mtoto anaanguka. Ukiona mijusi au ndege waliokufa ndani ya shimo, usishuke kuchunguza, na mtu akianguka humo usimrukie bila msaada, maana wengi wamekufa kwa njia hiyo ya kuokoana. Gati lenyewe liko wazi kwa upepo na halina shida hiyo. Pita barabara ya juu, ni dakika kumi zaidi, mwambie motari, yaani dereva wa pikipiki, akushushe karibu na ukuta wa mawe, na uwe na mwenyeji, kwa sababu mitaa ya Goma saa kumi na moja alfajiri si ya mgeni kutembea peke yake.

Umeuliza pia, nadhani kwa nusu ya mzaha, kama ile gesi ya ziwani haiwezi kukudhuru ukiwa umekaa pale. Ile ni habari nyingine. Kivu lina kina cha karibu mita 480, na gesi hiyo, kiasi cha kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani, imeyeyuka katika maji ya chini sana na inashikiliwa huko na uzito wa maji yaliyo juu. Sambaza na wavuvi wao wanajua tabaka la juu tu, kwani chini ya hapo hakuna oksijeni ya kumtosha samaki. Wenzetu wa Rwanda wanaivuta methani hiyo huko Karongi kuzalisha umeme.

Kuhusu picha, nitakuwa mkali kidogo. Bandari, mipaka na wanajeshi hawapigwi picha nchini mwetu, na ofisa anaweza kuamua kwamba hata gati la wavuvi ni bandari. Mimi mwenyewe niliwahi kunyang'anywa simu pale kwa asubuhi nzima kwa sababu ya picha ya beseni la samaki, na kuipata kukanigharimu mabishano ambayo sitaki kuyakumbuka. Nenda kwanza bila kutoa simu, salimia, nunua kopo moja, kisha umuombe mwenye samaki. Wavuvi hawapendi kupigwa picha wakati wa kunyanyua mzigo, lakini baada ya mauzo hujipanga wenyewe. Na akina mama usiwapige bila ruhusa hata kidogo, utaambiwa maneno.

Habari ya kupelekwa ziwani, mimi nisingeenda. Mitumbwi ya sambaza haikutengenezwa kwa abiria, upepo wa Kivu hubadilika haraka, na maboya ya kujiokolea ni nadra. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyokuwa ikitoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku hapa Goma, watu waliokuwa wakisubiri ndugu zao wakitazama. Ukitaka sana kuwa juu ya maji, panda meli inayojulikana ya kwenda Bukavu mchana, uvae boya lako, na uangalie ufuo wote ukipita. Zaidi ya hapo, kuna vipindi ambapo mamlaka huzuia vyombo kutembea ziwani usiku, na wakati huo hakuna uvuvi wa taa hata kama giza ni la kukata kwa kisu, kwa hiyo muulize mwenyeji wako jana yake.

Samaki uliowanunua wapeleke kwa mama yeyote mwenye moto juu ya barabara. Atawaosha, atawakaanga mpaka wakauke, atakuwekea ndimu, pilipili na bugali, na utawala wazima na vichwa vyao. Ukitaka kubeba wakavu kurudi nao Lubumbashi, wafunge katika mifuko mitatu, si miwili. Shemeji yangu aliwafunga katika miwili, na abiria wenzake walimjua hadi mwisho wa safari. Hujatuambia tarehe ya kufika. Kabla hujakata tiketi, toka nje usiku uutazame mwezi, ule ulio juu ya Lubumbashi ndio huu wetu. Ukiuona unakaribia kujaa, ahirisha kwa wiki mbili hivi kama kazi yako inaruhusu.