Usishuke Kila Stesheni: Funzo Langu la Njia ya Madrid na Barcelona

Juzi dadangu mmoja msomaji, anayefanya kazi Doha, aliniandikia. Amepata likizo, atatoka Madrid kwenda Barcelona kwa treni, na njiani ataka kushuka Guadalajara, Zaragoza, Lleida na Tarragona. Siku moja! Nilicheka, halafu kicheko kikanikwama, maana ratiba kama hiyo niliwahi kuiandika mimi kwa mkono wangu.

Nilikuwa na mke wangu na shemeji, kaka yake. Miji mingine niliifuta dakika za mwisho, Tarragona nikaing'ang'ania. Ni mji wa Warumi, una uwanja wao wa mapigano kando ya bahari, na treni ya kasi ina stesheni iitwayo Camp de Tarragona. Niulize nini tena? Tukashuka na mabegi manne. Mbele yetu maegesho ya magari, mashamba na upepo. Mji wenyewe uko kama kilomita 10 kutoka hapo, na basi lilikuwa limetoka punde hivi. Tukapanda teksi, tukauchungulia ule uwanja kupitia uzio kwa dakika chache, tukapanda teksi nyingine kurudi, na treni ikatuacha vilevile. Tiketi zetu zilikuwa za treni ile na viti vile, basi. Nikanunua nyingine tatu papo hapo, na bei siitaji kwa sababu mke wangu husoma makala haya. Shemeji mpaka leo kwenye kundi la familia la WhatsApp huniita Stesheni Masta. Wote hucheka. Mimi bado.

Na mimi mtu wa Mombasa! Nani asiyejua kwamba treni ya Nairobi hukushusha Miritini, ukaanza safari ya pili kwenda mjini? Treni ya kilomita 300 kwa saa haitaki kona kali, kwa hiyo reli hupitishwa mbali, na mji huachwa pembeni. Kabla hujauliza mji una nini, uliza stesheni iko wapi. Guadalajara-Yebes nayo iko mbali na mji wake, jirani na Valdeluz, mtaa uliojengwa wakati wa homa ya kujenga nyumba na mporomoko wa uchumi wa 2008 ukaukuta nusu mtupu. Ipite. Lleida stesheni iko mjini, ila kanisa lake la kale, Seu Vella, limekaa juu ya kilima na utaliona ukiwa kitini.

Shuka Zaragoza, dadangu. Ni kama saa moja na robo kutoka Madrid. Tulirudi mwaka uliofuata, wawili tu (shemeji hakualikwa), begi dogo moja kila mtu, na tiketi mbili mbalimbali: ya kufika asubuhi na ya kuondoka jioni. Kutoka stesheni tulitembea kwa miguu hadi Aljafería, kasri la karne ya 11 la watawala Waislamu wa mji ule. Leo bunge la jimbo la Aragón hukaa humo. Ndani kuna chumba kidogo cha kuswalia. Mke wangu alisimama mbele ya mihrabu, matao yamesukana kama ukili, nakshi hadi juu, asiseme neno. Mwishowe akaninong'oneza kwamba fundi huyu angepewa mlango Lamu asingeshindwa. Saa nzima ikatupita pale. Halafu kanisa la Pilar, ambako wametundika mabomu mawili yaliyoangushwa Agosti 1936, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, yasilipuke, kisha tukakaa juu ya daraja la mawe kuutazama mto Ebro. Hatukukimbizana na mtu.

Jamani, tuache kuhesabu miji kama shanga! Kituo kimoja, kwa muda wa saa sita. Kimoja. Mtu anashuka mara nne ili aseme amefika, ukimuuliza ameona nini anakutajia milango ya stesheni. Nilikuwa mtu huyo, nina haki ya kusema.

Na Tarragona je? Ifuate ukishafika Barcelona, kwa treni ya kawaida. Ni kama saa moja, nayo hukushusha mjini kwenyewe, karibu na bahari. Mimi nilikwenda hivyo baadaye, peke yangu, kimyakimya. Nikapiga picha ndani ya ule uwanja, si kupitia uzio, nikaituma kwenye kundi la familia bila neno hata moja.

Shemeji akajibu kwa emoji ya treni.