Historia ya marehemu: kumwandikia mzee aliyeishi miaka mingi

Mzee wa miaka themanini na zaidi akifariki, kamati ya mazishi hugawana kazi chapchap: jeneza, turubai, chakula, magari. Historia ya marehemu huachiwa mjukuu aliyesoma, usiku wa kuamkia mazishi. Ianze siku ileile ya kwanza ya msiba, maana wenye kujua wapo hapohapo mkekani.

Kigumu kuliko vyote ni mwaka wa kuzaliwa. Wazee wengi wa vijijini hawakuandikishwa walipozaliwa, na kitambulisho kikionyesha tarehe 1 Januari au 1 Julai, huenda karani alikadiria tu. Mtafute mtu wa rika lake au shangazi, umuulize mzee alikuwa na ukubwa gani jambo fulani lilipotokea. Ukiambiwa alikuwa anachunga ndama wakati Wazungu wa mradi wa karanga wanafika Kongwa, hiyo ni 1947. Kuchunga ndama ni kazi ya mtoto wa miaka 6 hadi 9 hivi, basi alizaliwa kati ya 1938 na 1941. Pima kwa jambo la pili: Uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, ulimkuta ameoa? Azimio la Arusha, 1967, alikuwa na watoto wangapi? Majibu yakipishana miaka miwili mitatu, andika "alizaliwa mnamo 1939" na usibuni mwezi. Kitabu cha ubatizo cha parokia husaidia, ila wapo waliobatizwa wakiwa watu wazima. Usichukue tarehe ya ubatizo ukadhani ni ya kuzaliwa. Kisha mpigie fundi wa msalaba. Mara nyingi ameshapewa mwaka mwingine na mtu mwingine.

Kwenye watoto ndiko kwenye ugomvi. Waandike wote, walio hai na waliotangulia, kwa mpangilio wa mama zao kama wake walivyoolewa, na kila nyumba isome orodha kabla haijachapwa. Kama kuna mtoto anayebishaniwa, uamuzi ni wa wazee wa ukoo, si wa mwenye kalamu. Jina likirukwa, manung'uniko huanzia kaburini na kuibuka tena kwenye kikao cha mirathi.

Sifa zipunguze. "Mcheshi, mchapakazi, mpenda watu" husomwa kwa kila maiti. Ukiandika kwamba alipima nafasi za miche ya kahawa kwa kamba yenye mafundo, na kamba hiyo hakumwazima mtu, majirani watatikisa vichwa wakicheka, kwa sababu ni yeye kabisa. Mambo mawili ya namna hiyo yanatosha. Ugonjwa upewe sentensi mbili, bila kuutaja jina ikiwa familia haijaafikiana. Shukrani kwa madaktari na majirani mwachie msemaji wa familia.

Urefu usizidi ukurasa mmoja na nusu wa A4, herufi za ukubwa wa 14, ambao husomwa kwa dakika tano hivi. Chapa nakala mbili na uandae msomaji wa pili asimame karibu, kwani mtoto wa marehemu huishia katikati sauti ikikatika. Kwa familia za Kiislamu, ambako maziko hayacheleweshwi, historia hii hukaa vizuri zaidi siku ya hitima, na hapo mnapata nafasi ya kuihakiki bila haraka.