GMAT: maswali ya utoshelevu wa taarifa hayataki hesabu ndefu

Wengi wanaojiandaa kwa GMAT, mtihani wa kuombea nafasi za shahada ya uzamili ya biashara, hapa Dar wamelelewa na mitihani ya NECTA, ambako kuonyesha njia kunakupa alama. Kwenye utoshelevu wa taarifa (Data Sufficiency) mazoea hayo yanakula muda bure. Huulizwi jibu ni ngapi. Unaulizwa kama kauli mbili ulizopewa zinatosha kulifikia jibu moja tu. Maswali haya sasa yako sehemu ya Data Insights, yenye maswali 20 kwa dakika 45, yaani wastani wa dakika mbili na robo kwa swali.

Machaguo hayabadiliki, kwa hiyo yakariri. A: kauli ya 1 pekee inatosha. B: ya 2 pekee. C: zinatosha zikiunganishwa tu. D: kila moja inatosha peke yake. E: hata zikiunganishwa hazitoshi. Kauli ya 1 ikitosha, umebaki na A na D. Isipotosha, umebaki na B, C na E. Kisha soma ya 2 kana kwamba ya 1 haipo kabisa. Ukiingia nayo kichwani, utaona ya 2 inatosha kumbe imeazima nguvu kwa mwenzake.

Tuchukue mfano. Andazi ni shilingi 300, chapati 500. Asha amenunua maandazi mangapi, kama hakununua kingine zaidi ya hivyo viwili? Kauli ya 1: alilipa shilingi 1,900. Kauli ya 2: jumla alinunua vitu vitano. Mwenye haraka anaona visivyojulikana viwili, anadai milinganyo miwili, anachagua C. Lakini hakuna anayenunua nusu andazi. Gawanya kwa 100: 3m + 5c = 19. Jaribu c kuanzia 0 hadi 3; ni c = 2 pekee inayokubali, m ikiwa 3. Kauli ya 2 peke yake inaacha njia nyingi. Jibu ni A.

Sasa badilisha malipo yawe 3,100 na vitu viwe tisa. Kwa malipo pekee: Maandazi 7 na chapati 2 yanakubali. Maandazi 2 na chapati 5 pia yanakubali. Hapo ndipo unahitaji kauli ya pili. Kwa hiyo usihesabu milinganyo, hesabu majibu yanayowezekana. C inayokuja kirahisi mno ndiyo ya kuitilia shaka kuliko zote.

Maswali ya ndiyo au hapana yana mtego wake. Je, x ni kubwa kuliko 3? Ukipewa x² = 4, x ni 2 au -2, na kote jibu ni hapana. Hapana ya uhakika inatosha! Ukipewa x² = 16, 4 inasema ndiyo, -4 inasema hapana; haitoshi.

Swali lisiposema namba ni kamili au chanya, usijipe ruhusa hiyo. Jaribu 0, 1, namba hasi na sehemu kama ½. Lengo ni kupata majibu mawili yanayopingana. Ukiyapata, kauli hiyo imeanguka, endelea. Kauli mbili za swali moja hazipingani kamwe, kwa hiyo zikikupa majibu yasiyopatana, rudi ukatafute kosa kwenye hesabu yako.

Unaposahihisha mazoezi, usiandike tu “nimekosa”. Andika ulichagua nini badala ya nini. C badala ya A au B: hukuipima kauli moja hadi mwisho. E badala ya C: uliacha kuziunganisha. Kila kosa lina zoezi lake.